Kuinua gari kwa njia za Nkome: Tairi kwanza, springi baadaye

KWA mtu anayetoka Mwanza kwenda Nkome, mwalo wa wavuvi ulioko kando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Geita, safari ina sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo-Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, msafiri huvuka maji kwa dakika chache bila kusubiri kivuko, kisha hukimbia juu ya lami hadi mjini Geita. Baada ya hapo huiacha barabara kuu, akaelekea ziwani kupitia Nzera, na kila anapochepuka kuingia njia za vijijini hukutana na changarawe, mchanga, tope na mitaro iliyochimbwa na mvua.

Ni safari hii ya sura mbili inayowafanya wamiliki wengi wa magari katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Katoro hadi Geita mjini, kufika gereji wakiwa na ombi moja: "Fundi, niinulie gari." Mfanyabiashara wa samaki analitaka, mchimbaji mdogo mwenye kitalu Nyarugusu analitaka, na mtumishi wa mjini aliyenunua Prado yake ya kwanza analitaka pia, pengine kwa sababu tu jirani yake ameinua ya kwake.

Gari lililoinuliwa vizuri ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba wengi hununua kimo wasichokihitaji kwa kulipa usalama waliokuwa nao, na katika eneo ambalo pikapu hubeba mizigo pamoja na watu waliokaa juu ya mizigo hiyo, hesabu ya kosa hilo hailipwi na mwenye gari peke yake.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba chini ya gari kuna vimo viwili, wala havipandi pamoja. Kimo cha kwanza ni cha bodi na fremu, yaani umbali kutoka ardhini hadi kwenye vizingiti vya milango, tangi la mafuta na bampa. Kimo cha pili ni cha difu, lile tufe la chuma lililoko katikati ya ekseli. Katika magari yenye ekseli nzima mbele na nyuma, kama Toyota Land Cruiser za jamii ya 70, difu hubebwa na magurudumu moja kwa moja. Springi ziko juu yake.

Maana yake ni kwamba ukiweka springi ndefu zinazoinua gari kwa milimita 50, bodi hupanda kwa milimita 50, lakini difu hubaki pale pale lilipokuwa. Jiwe lililokuwa likiligonga jana litaligonga kesho. Kitu pekee kinachoweza kuliinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, nalo huliinua kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka.

Hesabu yake si ngumu. Tairi lililoandikwa 265/70R16 lina upana wa milimita 265, ubavu wenye kimo cha asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Ubavu ni milimita 185.5, ukizidisha mara mbili na kuongeza rimu, ambayo ni milimita 406.4, unapata kipenyo cha milimita 777 hivi. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806, na lile la 285/75R16, ambalo vijana wengi hulitamani kwa jinsi linavyojaza gari, lina milimita 834.

Kwa hiyo kutoka 265/70 kwenda 285/75, difu hupanda kwa milimita 28, yaani chini ya sentimita tatu. Kwenda 235/85 hupanda kwa milimita 14. Hizo ndizo sentimita ambazo watu huzitolea fedha nyingi, na si haba, kwa sababu kwenye mtaro wenye jiwe katikati sentimita tatu zinaweza kuwa tofauti ya kupita na kukwama. Lakini ni vyema mnunuzi ajue anachonunua kabla ya kufungua pochi.

Swali linalofuata ni aina ya ardhi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani mkoani Tanga, alionyesha kwamba udongo katika nchi hii hubadilika kwa mpangilio, kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Wasukuma walikuwa na majina ya mpangilio huo: luseni kwa udongo wa kichanga wa miteremko ya juu, itogolo kwa ule wenye tabaka gumu chini yake, na mbuga kwa mfinyanzi mweusi wa bondeni. Mkulima wa pamba huyajua majina hayo kwa jembe. Dereva huyajua kwa usukani, kwani katika kilomita chache anaweza kuvuka yote matatu.

Juu ya changarawe iliyolowa, ambako utelezi uko juu na chini kuna ugumu, tairi jembamba hufanya kazi vizuri kwa sababu hukata tope jepesi na kukanyaga pagumu. Hiyo ndiyo siri ya 7.50R16, tairi la kizamani lisilo na mbwembwe, ambalo Land Cruiser za kazi zimelitumia kwa miongo mingi. Kwenye mchanga wa ufukweni hali ni kinyume: hapo tairi pana, au jembamba lililopunguzwa upepo, huelea na kupita.

Mbuga ni habari nyingine. Mfinyanzi mweusi ukilowa hujaza meno ya tairi hadi gurudumu linakuwa duara la udongo, na chini yake hakuna pagumu karibu. Hapo tairi la matope lenye meno makubwa husaidia kiasi kwa kujisafisha linapozunguka, lakini gari lililoinuliwa sentimita 10 huzama sentimita 10 zaidi kabla ya kukwama, na kulitoa kunakuwa kugumu zaidi. Madereva wazoefu wa kanda hiyo wanajua dawa ya mbuga iliyolowa: kungoja jua, au kuzunguka.

Kuna pia suala la lami, ambalo wanaotamani matairi ya matope hulisahau. Matairi yenye alama ya M/T ubavuni yana mapengo mapana kati ya meno, hivyo mpira unaogusa lami ni mchache. Kwenye lami kavu hunguruma na kuisha upesi. Kwenye lami iliyolowa umbali wa kusimama huongezeka. Mtu anayesafiri kutoka Mwanza kila wiki hutumia sehemu kubwa ya safari yake juu ya lami. Kwake yeye, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya kwa wasafiri walio wengi wa njia hiyo, matairi ya matumizi mchanganyiko, yenye alama ya A/T, ndiyo yanayofaa. Ya matope tumwachie yule anayeishi ndani ya matope.

Kabla ya kulipia, soma ubavu wa tairi kama unavyosoma hati ya kiwanja. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa kubeba. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo unaotakiwa. Namba 120 ni kilo 1,400 na 121 ni kilo 1,450. Mtu anayebeba samaki waliopangwa na barafu akafunga tairi la gari la kifahari kwa sababu tu ni kubwa, amefunga kitu kipana chenye nguvu ndogo. Tafuta pia tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dukani au kwenye gari jingine ng'ambo laweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokwisha kuchoka.

Hatari ya tairi bovu chini ya gari refu dunia iliiona mwaka 2000. Agosti mwaka huo kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarejesha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Nyuso za matairi zilikuwa zikibanduka katika mwendo kasi na magari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walihusishwa na vifo vya ajali hizo. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya upepo, kwani Ford ilikuwa imependekeza PSI 26 ambapo Firestone ilitaka 30. Magari hayo yalikuwa kama yalivyotoka kiwandani. Hakuna aliyekuwa ameyainua.

Kwa nini gari refu hupinduka kwa urahisi? Wahandisi wana kipimo kimoja: nusu ya upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Tuchukue gari la mfano lenye upana wa mita 1.5 na kitovu cha uzito kilichoko sentimita 75 kutoka ardhini. Kipimo chake ni 1.0. Likiinuliwa kwa springi na matairi hadi kitovu kikapanda sentimita 7, kipimo hushuka hadi takriban 0.91. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilianza kutumia kipimo hicho kuyapanga magari kwa hatari ya kupinduka mwaka 2001, na magari yaliyoko chini ya moja huhesabika miongoni mwa yenye hatari kubwa.

Na hapo gari ni tupu. Magunia ya dagaa wakavu ni mepesi, lakini kwa sababu hiyo hiyo hupangwa marefu kupita paa la kabini, kisha abiria wanne au watano wanakaa juu yake. Kitovu cha uzito hupanda tena, na safari hii kimepandishwa na watu. Dereva akikwepa mbuzi kwa ghafla kwenye kona ya changarawe, zile sentimita saba za urembo zinaanza kudai.

Ndipo tunafika kwenye springi na shokapu, ambazo kazi yake ya kwanza ni kubeba mzigo na kulikanyagisha gurudumu ardhini. Kimo ni matokeo tu. Kampuni zinazotengeneza springi za magari ya safari, kama Old Man Emu ya Australia, huziuza kwa kiwango cha mzigo: ipo ya gari lisilobeba kitu, ipo ya mzigo wa kati, na ipo ya gari linalobeba mamia ya kilo kila siku. Mnunuzi mwenye haraka huchagua ile ngumu kuliko zote kwa kuwa ndiyo inayoinua gari tupu juu zaidi.

Adhabu yake huja kwenye yale mawimbi madogo ya barabara ya changarawe ambayo madereva huyaita rasta. Springi ngumu chini ya gari tupu haishuki wala kupanda; inalirusha gari. Gurudumu lililo hewani halifungi breki na wala haligeuki kona. Shokapu nazo hupata joto, mafuta yake hutoa povu, na baada ya kilomita kadhaa ni kama hazipo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanda pikapu ya namna hiyo iliyokuwa ikirudi tupu kutoka mwaloni, na dereva alitumia safari nzima kuirudisha barabarani kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Alijivunia sana springi zake mpya.

Basi mwenye gari ajiulize swali moja la kweli: siku nyingi za wiki nabeba kilo ngapi? Kama jibu ni abiria wawili na begi, springi za kati na shokapu nzuri zitoshe. Kama ni barafu na sangara kila alfajiri, springi nzito ni haki yake, mradi akubali kwamba gari likiwa tupu litakuwa gumu.

Kuinua kwa milimita 40 hadi 50 ndicho kiwango ambacho magari mengi ya namna hii huvumilia bila kubadilishiwa mambo mengi. Hata Australia, nchi yenye mazoea makubwa ya magari haya, ina mipaka: jimbo la Queensland tangu mwaka 2018 linaruhusu jumla ya milimita 75 bila cheti cha mhandisi, 50 zikitokana na springi na 25 na matairi. Zaidi ya hapo mtaalamu lazima alipime gari.

Tena hata ndani ya milimita 50 kuna mambo ambayo fundi asiyejali huyaacha. Katika Land Cruiser yenye springi za mzunguko mbele, kuinua gari huizungusha ekseli kidogo, na ule mlalo wa kingipini unaoufanya usukani ujirudie wenyewe baada ya kona hupungua. Gari linaanza kutangatanga barabarani, na dereva hulaumu matairi. Dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha mlalo huo, kisha alaimenti. Mipira ya breki inayotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli hunyooka. Ikivutika kabisa siku gurudumu litakaposhuka shimoni, itakatika.

Liko jambo jingine lisilojulikana kwa wengi. Hilux nyingi, Prado na Land Cruiser zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kifimbo. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likishuka kwa uzito, vali huongeza nguvu ya breki za nyuma, likiwa juu, huipunguza. Ukiliinua gari bila kukirekebisha kifimbo hicho, vali hudhani kwamba gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma hufanya kazi nusu. Muulize fundi kuhusu vali hiyo kabla hajagusa spana. Asipojua unazungumzia nini, nenda gereji nyingine.

Njia za mkato nazo zina hadithi zake. Kuongeza urefu wa shakli za springi za nyuma ni rahisi, lakini hulegeza usukani na kuyumbisha gari. Vipande vya kuinulia ambavyo mafundi huviita spesa, vinavyowekwa juu ya springi, haviongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja. Wenye Probox za abiria, maarufu kama michomoko, huzifunga ili gari lisikwaruze, na kwa kipande chembamba kilichofungwa vizuri gari laweza kwenda. Lakini zikiwa nene, shafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali, mipira yake hupasuka na mchanga huingia ndani. Mwenye gari huishia kununua shafti kila baada ya msimu wa mvua.

Matairi makubwa yana deni pia kwenye dashibodi. Kutoka 265/70R16 kwenda 285/75R16 ni ongezeko la asilimia 7 la kipenyo. Mita ikisoma kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 86. Ikisoma 50 katika eneo la makazi, ni karibu 54. Mita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, hivyo nafasi hiyo ndiyo inayoliwa. Tochi ya askari wa usalama barabarani haisomi dashibodi yako. Gia nazo huwa kama zimerefushwa kwa asilimia hiyo hiyo, na injini ya dizeli isiyo na taabo, kama 1HZ ya lita 4.2, huanza kulalamika mlimani.

La muhimu zaidi kuliko yote hayo kwa mtu anayekwenda Nkome pengine ni hili: tairi likipasuka saa tatu usiku, utalipata wapi jingine? Saizi kama 7.50R16 na 265/70R16 ni za kawaida katika maduka ya miji ya kanda hii. Saizi ya kigeni, nzuri katika picha, yaweza kukulaza njiani ukisubiri basi kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Tairi la akiba lazima liwe la saizi ile ile ya mengine manne, kwani kwenye gari linalozungusha magurudumu yote muda wote, tairi moja la kipenyo tofauti huchosha difu la katikati. Wenye rimu za zamani zenye pete ya kubana tairi wasiruhusu mtu yeyote ajaze upepo akiwa ameinama juu yake. Pete hiyo ikifyatuka inaua.

Kwa asiye na fedha za yote haya, ipo hatua isiyohitaji gereji. Nunua kipimo cha upepo na pampu ndogo inayotumia betri ya gari. Kwa gari lisilo na mzigo mzito, lami ikiisha punguza kutoka PSI 35 hadi 26 hivi, na mwendo nao upungue; rasta zitalainika na tairi litashika. Kwenye mchanga wa ufukweni shuka hadi 18, uende polepole bila kukata kona kwa ghafla. Ukirudi kwenye lami, simama ujaze tena kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo katika mwendo kasi hupata joto hadi likapasuka. Aliyebeba mzigo apunguze kidogo tu, au asipunguze kabisa.

Aliyeamua kuinua, apime kwanza. Achukue futi, apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi katika pembe zote nne, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wake wa kawaida, aziandike namba hizo na kumpa fundi. Kazi ikiisha apime tena, ahakikishe taa za mbele zimeshushwa zisiwapofushe wanaokuja, ageuze usukani hadi mwisho pande zote mbili kuona kama tairi linagusa fremu, na aiarifu kampuni yake ya bima. Baada ya kilomita 500 za kwanza boliti za springi huwa zimelegea. Zikazwe upya gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu, si likiwa limening'inia kwenye jeki.